Dawa inafunga njia moja, kansere inapita ingine

Tangu mwezi wa kumi 2025, wakati bei ya dhahabu duniani ilivuka dola 4.000 kwa onsi moja, Misisi inaongea kitu kimoja tu: bei. Kutoka Lulimba mpaka Baraka watu wanaifuata kwa simu, asubuhi na jioni. Leo tunaiacha bei pembeni kidogo, tuangalie kitu chenye familia nyingi zinafanya na pesa hiyo wakati mgonjwa yuko nyumbani.

Kwa maana franga ikionekana, dawa inanunuliwa. Familia yenye mwaka jana ilikuwa inakaa tu na mgonjwa wake, leo inaweza kumpandisha boti kwenda Kigoma, kulipa vipimo, kurudi na vidonge ndani ya mfuko. Na mara nyingi mwanzo unakuwa muzuri. Uvimbe unapungua, mgonjwa anaomba bugali mwenyewe, anarudi kukaa mlangoni na kusalimia watu. Kisha miezi sita, kisha mwaka, ugonjwa unarudi, na dawa ile ile iliyomwinua haifanyi kitu tena. Hapo maneno yanaanza. « Dawa ilikuwa ya bandia. » « Muganga alikula pesa. » « Kuna mtu humu nyumbani anamchezea. » Hilo la mwisho ndilo linatutisha zaidi. Katika Kivu ya Kusini tumeona wamama wazee wakifukuzwa kwao, na wengine wakiuawa, kwa neno la mtu mwenye kujiita mwonaji.

Dawa za bandia ziko, hakuna atakayekataa. Waganga wenye kula pesa wako pia. Lakini kwa ugonjwa wa kansere, ile ndugu zetu wa Tanzania wanaita saratani, kuna jibu lingine lenye watu wanalisahau: dawa ilikuwa nzima, muganga alifanya kazi yake, hakuna aliyeroga, na kansere yenyewe ilitafuta njia ingine ya kupita. Wataalamu wamefanya kazi zaidi ya miaka ishirini kuelewa namna inavyofanya hivyo. Tunafikiri mchimbaji wa Misisi anaweza kuielewa habari hiyo upesi kuliko watu wengi wa mjini.

Bariyeri na mashimo yenye kukutana chini

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo sana, mabilioni kwa mabilioni. Kila chembe inaishi kwa amri. Haizai chembe ingine ovyo, inangoja ujumbe. Ujumbe unafika kwenye ngozi ya chembe, kama mtu anayebisha hodi. Mlangoni kuna mpokezi. Mpokezi anamwambia mjumbe wa ndani, huyo anamwambia mwenzake, na mwenzake mwingine, mpaka katikati kabisa, pale maandiko yote ya mwili yanatunzwa. Pale ndipo amri inasomwa: zaa, au ngoja, au kufa. Ndiyo, iko amri ya kufa pia, na chembe yenye afya inaitii.

Kansere inaanza pale mmoja wa wajumbe hao anaharibika. Anapiga kelele « zaa, zaa » mchana na usiku, na hakuna aliyemtuma. Mara nyingi hayuko peke yake, wameharibika wawili au watatu.

Dawa za zamani za kansere zinapiga kila chembe yenye kuzaa haraka, mbaya na nzuri pamoja, ndiyo maana nywele za mgonjwa zinaanguka na tumbo linachafuka. Dawa nyingi za siku hizi zinafanya kazi tofauti. Zinamtafuta yule mjumbe mmoja mwenye kelele na kumziba mdomo. Ni kama kuweka bariyeri mahali pamoja, penye magari yote yanapita.

Sasa wasomaji wetu wanajua bariyeri ni kitu gani. Mwezi wa tisa 2010 Rais Joseph Kabila alifunga uchimbaji wa mikono katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, na alifungua tena mwezi wa tatu 2011. Je, miezi ile yote dhahabu ililala chini ya ardhi? Kila mwenye alikuwa huku wakati ule anajua jibu. Ukifunga barabara ya Lulimba, mzigo unapita porini. Ukifunga pori, unapita ziwani usiku. Na kuna mara unapita pale pale kwenye bariyeri, katika mfuko wa yule mwenye kuilinda.

Ndani ya chembe iko vile vile. Njia za ujumbe hazikuchorwa kama barabara moja iliyonyooka. Zinaungana, zinaachana, zinakutana tena, sawa na mashimo ya mlima mmoja yenye yalikutana chini: unafunga mdomo wa shimo moja, na watu wanatokea kwa jirani. Wakati mwingine mjumbe mbaya anabadilika umbo kidogo tu, na dawa, yenye ilitengenezwa kumkaa kama ufunguo katika kufuli, haimkai tena. Wakati mwingine mjumbe mwingine kabisa anachukua kazi yake. Na kuna chembe zenye zina pampu mlangoni. Zinaitoa dawa nje kama vile motopompi inavyotoa maji katika shimo.

Tusielewe vibaya. Chembe hazina akili wala mkutano. Katika mabilioni, chache tu zilikuwa tayari na njia ingine, kwa bahati. Dawa inaua zile zingine zote, nafasi inabaki wazi, na zile chache zinazaa mpaka zinajaza nyumba. Ndiyo maana mwanzo unakuwa muzuri na mwisho unakuwa mubaya, na dawa ni ile ile.

Kansere moja ya damu

Mfano unaojulikana kuliko yote ni kansere ya damu yenye waganga wanaandika LMC kwenye fishi. Mwaka 1960, mjini Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford waliona kwamba wagonjwa wa kansere hiyo wana kipande kimoja cha maandiko ya mwili chenye ni kifupi kuliko kawaida. Mwaka 1973 Janet Rowley, wa Chicago, alionyesha sababu: vipande viwili vilikatika na kubadilishana mahali. Pale vilipoungana alizaliwa mjumbe mpya, BCR-ABL, mwenye anaamuru chembe nyeupe za damu zizae bila kupumzika.

Mwaka 2001 Marekani ilikubali dawa inayomziba mjumbe huyo. Inaitwa imatinibu, ni kidonge cha kumeza nyumbani. Kabla yake, wagonjwa wengi walikufa kisha miaka michache. Leo, mwenye kuipata na kuifuata vizuri anaweza kuishi karibu sawa na jirani yake. Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2015. Kampuni ya Novartis, pamoja na Max Foundation, iliigawa bure kwa miaka mingi katika nchi nyingi maskini, na Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwamo. Siku hizi viwanda vingine vinaitengeneza pia, na bei imeshuka sana.

Huku kwetu ugonjwa huo unajificha nyuma ya malaria. Mtu anachoka, anakonda, anatoka jasho usiku, na bandama inavimba upande wa kushoto, chini ya mbavu. Nani hapa Fizi hajaona bandama imevimba? Wanamtibu malaria, wanarudia, wanarudia tena. Lakini kipimo cha kawaida cha kuhesabu damu kinaweza kumshitua muganga: chembe nyeupe ziko nyingi mno.

Sasa, hata imatinibu ilikutana na njia za pori. Mwaka ule ule wa 2001, watafiti wa Los Angeles walionyesha kwamba kwa wagonjwa fulani BCR-ABL alibadilika mahali padogo sana, herufi moja tu ya maandiko, na dawa ikashindwa kumshika. Dawa zingine zilifuata: dasatinibu mwaka 2006, nilotinibu mwaka 2007. Hizo zinashika karibu wote waliobadilika, isipokuwa mmoja mkaidi, T315I. Yeye alingoja mpaka 2012, wakati ponatinibu ilitoka. Na wako wagonjwa wenye BCR-ABL yao haikubadilika hata kidogo, lakini dawa imeshindwa. Kwa hao, wajumbe wengine wamechukua kazi.

Hapa tufike kwenye jambo lenye liko mikononi mwa familia. Katika hospitali ya Hammersmith, London, watafiti walifuata wagonjwa 87 wa LMC. Kifuniko cha chupa ya vidonge kilikuwa na chombo kidogo chenye kuandika kila mara chupa inafunguliwa. Matokeo yalitoka mwaka 2010. Kwa wale waliomeza zaidi ya vidonge 9 katika kila 10, hesabu ya miaka sita ilionyesha kwamba karibu 94 kwa 100 wangefika pale ugonjwa haupimiki karibu kabisa. Kwa wale waliomeza chini ya hapo, ni karibu 28 kwa 100. Na hiyo ni London, bila vita, na famasi iko kila kona.

Kidonge kinachorukwa ni mlinzi wa bariyeri aliyelala saa sita mchana. Kugawana vidonge na shemeji mwenye « ugonjwa kama huo huo », kumeza nusu ili chupa ifike mwezi wa pili, kuacha kwa sababu tumbo limepoa: tunaelewa juu ya nini watu wanafanya hivyo, na si kwa ujinga. Ni kwa sababu ya boti, ya barabara, ya pesa. Lakini kansere haiulizi sababu.

Tuongeze neno moja kwa wachimbaji, kwani kifua kikuu kiko kingi kati yao. Dawa moja kubwa ya kifua kikuu, rifampisini, inalifanya ini litupe imatinibu haraka sana, hata mgonjwa anayemeza kila siku anabaki na dawa kidogo mno katika damu. Mtu mwenye anatibiwa magonjwa hayo mawili lazima aonyeshe fishi zote mbili kwa kila muganga. Fishi ya TB isibaki nyumbani kwa sababu ya haya.

Kwa nini dawa nne

Mwaka 2012 kikundi cha René Bernards, Amsterdam, kilielezea fumbo moja. Kuna mjumbe anaitwa BRAF. Katika kansere fulani ya ngozi, kumziba kulileta matokeo mazuri. Dawa ya kwanza ya namna hiyo ilikubaliwa mwaka 2011. Lakini katika kansere ya utumbo mpana, mjumbe ni yule yule, ameharibika namna ile ile, na dawa haikufanya karibu kitu. Juu ya nini? Watafiti walikuta kwamba BRAF akizibwa, mpokezi wa mlangoni, EGFR, anaamka na kutuma amri upya kwa njia ingine. Dawa yenyewe ndiyo ilimwamsha. Basi wakaweka bariyeri mbili kwa wakati mmoja. Mchanganyiko wa namna hiyo Marekani iliukubali mwaka 2020 kwa kansere ya utumbo.

Wazo hilo la kufunga njia nyingi pamoja si geni kwetu. Kila mwenye alitibiwa kifua kikuu anakumbuka kuanza na dawa nne, na miezi sita ya kumeza. Moja peke yake ingezalisha kifua kikuu sugu. Malaria pia: kidonge kimoja cha zamani kilizoeleka mpaka kikaachwa, leo tunapewa dawa mbili katika kidonge. Kwa kansere, jirani zetu wa Uganda walikuwa kati ya wa mbele. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, alieleza mwaka 1958 kansere ya taya yenye inashika watoto wa nchi za malaria. Mwaka 1967 Kampala ilifungua kituo cha kuwatibu, na ndicho kilikua kikawa Taasisi ya Kansere ya Uganda. Uvimbe wa watoto wale uliyeyuka kwa siku chache tu kwa dawa moja, na kwa wengi ukarudi. Waganga wa Kampala wakajaribu kuchanganya dawa. Sehemu ya yale dunia inajua leo juu ya kuchanganya dawa za kansere ilijifunziwa pale, kwa watoto wenye wanafanana na wetu.

Vumbi la Misisi

Kuna kansere ingine inayotuhusu kwa karibu. Wanaume wanavunja mwamba ndani ya shimo, na wamama wanatwanga jiwe juu, mara nyingi mtoto akiwa mgongoni. Jiwe la dhahabu ni jeupe, limejaa silika, na vumbi lake linaingia katika mapafu na halitoki. Tangu 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa kansere, lenye liko chini ya Shirika la Afya Duniani, limeliweka vumbi hilo katika kundi la kwanza: yale yaliyohakikishwa kuleta kansere kwa binadamu. Vumbi hilo linaharibu mapafu lenyewe pia, na linafungulia kifua kikuu mlango. Jiwe lililomwagiwa maji linatoa vumbi kidogo zaidi. Hiyo haihitaji mradi wala mzungu.

Shida ni kwamba magonjwa hayo matatu yana kikohozi kimoja. Mchimbaji anapewa dawa ya TB, anamaliza, anakohoa, anapewa tena. Tunawaomba ndugu zetu: muulize kama makohozi yalipimwa, na jibu liliandikwa nini. Kikohozi chenye « kilikataa dawa » mara mbili inawezekana ni TB sugu, inawezekana si TB hata kidogo.

Bukavu, Kigoma, na katikati yake ziwa

Yote tuliyoandika hapa yanadai kitu kimoja ambacho Fizi haina: dawa isiyokatika. Madaktari Wasio na Mipaka waliotutibu Baraka miaka mingi walifunga kazi yao mwishoni mwa 2020, kisha kushambuliwa. Bukavu, penye tulizoea kupeleka wagonjwa wazito, iko mikononi mwa M23 tangu mwezi wa pili 2025. Rwanda ina hospitali ya kansere ya Butaro, iliyofunguliwa 2012 na inayotumia imatinibu. Lakini katika hali hii, ni familia gani ya Baraka itafunga safari kwenda kule? Inabaki ziwa. Ng'ambo ni Kigoma, penye ndugu zetu wengi walifika kama wakimbizi na bado wako Nyarugusu. Kutoka Kigoma mgonjwa anatumwa Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Ni mbali, lakini inafanyika.

Tola moja ya dhahabu inaweza kulipa safari hiyo mara moja. Kansere inadai safari ya pili, ya tatu, ya kumi. Hapo ndipo tunaona hatari ya pesa ya shimo: inakuja kwa wingi siku moja, kisha inakatika miezi miwili shimo likijaa maji, na dawa inakatika nayo. Likelemba ya wachimbaji kumi, yenye zamu moja imewekwa pembeni kwa vidonge vya mgonjwa wa mmoja wao, ingesaidia kuliko mchango mkubwa wa siku ya maziko.

Na viongozi? Kodi ya migodi, kwa sheria ya 2018, inaachia miji, sekta na cheferi asilimia 15 ya redevansi. Lakini redevansi inalipwa na kampuni zenye hati, kwa mali iliyouzwa wazi. Dhahabu yenye kuvuka usiku haiachi hata kidonge kimoja kwa zone ya afya ya Kimbi-Lulenge, na wenye kuvusha hawakosi wakubwa nyuma yao. Tulishaandika hayo, hatuyarudii.

Tunapenda kuacha ombi moja dogo, lenye halingoji vita viishe. Mashine ya GeneXpert yenye Kongo inatumia kupima kifua kikuu, ile inayosema ndani ya saa mbili hivi kama TB inakubali rifampisini, inaweza pia kumpima BCR-ABL katika damu. Mashine ni ile ile, kinachobadilika ni katriji. Kwa kipimo hicho muganga anaona kama vidonge vinashika au kama ugonjwa umeanza kupanda, miezi mingi kabla mgonjwa mwenyewe hajasikia kitu. Hapo anaweza kuuliza kwanza kama dawa ilimezwa vizuri, kisha kutafuta ile ya pili. Na kuna njia ingine: matone ya damu yanakaushwa juu ya karatasi na kutumwa mbali kwa barua, bila barafu, na yanapimika. Wakuu wa zone za afya za Fizi, Nundu na Kimbi-Lulenge wanaweza kuandika barua kuomba katriji hizo, hata kumi tu za kuanzia, na kusema wazi ni wagonjwa wangapi wa LMC wanawajua. Barua hiyo ikiandikwa, tutaichapisha hapa.